Aliyeumia kwa Chanjo Asiachwe Peke Yake

Ni kazi chache za Serikali yoyote duniani zilizookoa roho nyingi kama kazi ya kuchanja. Ndui, maradhi yaliyokuwa yakiwaua na kuwapofua watu katika mabara yote, yalitangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1980 kuwa yametoweka, na silaha iliyoyatokomeza ilikuwa chanjo. Tanzania haijapata mgonjwa wa kirusi cha asili cha polio tangu mwaka 1996. Mtoto wa skuli wa leo, Unguja na Pemba, hamjui mwenzake aliyelemazwa na maradhi hayo kama walivyowajua wazee wake. Haya ni matunda ya kazi ya umma, na wananchi wana haki ya kujivunia kwa kuwa wao ndio waliotoa mikono yao na ya watoto wao.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuna budi kulizungumza leo jambo ambalo watumishi wengi wa afya hupenda lipite kimya kimya. Jambo lenyewe ni haki ya yule mtu mmoja, miongoni mwa watu wengi mno, ambaye alinyoosha mkono wake kama alivyoombwa, akarudi nyumbani, na tangu siku ile bega lake halikunyanyuka tena. Wako wanaodhani kwamba kumtaja mtu huyo ni kuitia ila chanjo. Sisi tunaona kinyume chake. Umma unaomjali aliyeumia ndio umma unaoweza kumwambia mwingine, bila ya haya, aje naye achanjwe.

Kwanza ieleweke vyema maumivu tunayoyazungumza ni yepi. Mtu akidungwa sindano ya chanjo mkononi, ni jambo la kawaida kuhisi maumivu, uzito au uvimbe mdogo kwa siku moja, mbili au tatu. Hayo hupita yenyewe, wala si maradhi. Madhara ya bega ni kitu kingine. Huanza mara tu baada ya sindano au katika muda wa siku mbili za mwanzo, hukaa ndani ya bega lenyewe, na badala ya kupungua huzidi. Mgonjwa hushindwa kuuinua mkono hadi usawa wa kichwa, hushindwa kuvaa nguo, hushindwa kulalia upande ule. Kwa wengine bega huganda kabisa. Hali hii huweza kuendelea kwa miezi, na kwa baadhi ya watu kwa miaka, na matibabu yake ni dawa za maumivu, mazoezi ya viungo, sindano za kupunguza uvimbe, na kwa wachache upasuaji.

Madaktari walianza kuiandika hali hii kwa uwazi katika majarida yao mwaka 2007, na mwaka 2010 wataalamu wa Marekani wakachapisha uchunguzi wa wagonjwa 13 waliokuwa wameomba fidia nchini kwao. Wengi wao maumivu yaliwaanza katika saa 24 za mwanzo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni haya: msuli wa bega ndio unaopaswa kuipokea dawa, lakini sindano ikipigwa juu mno, huukosa msuli na kuingia katika kijifuko cha ute kilicho chini yake, au kugusa kano za kiungo. Dawa iliyoundwa iuamshe mwili upigane na maradhi huuamsha ndani ya kiungo, mahali isipotakiwa kuwapo, na kiungo kikawaka moto. Dawa haikuwa mbovu, wala mwili wa mgonjwa haukuwa na kasoro. Kilichokosewa ni mahali, na pengine kwa upana wa kidole kimoja au viwili tu.

Hapa pana habari njema ambayo viongozi wetu wa afya wanapaswa kuishika kwa mikono miwili. Madhara mengi ya dawa hayawezi kuzuiwa na mchanjaji hata akiwa hodari kiasi gani, lakini haya yanaweza. Kanuni yake ni fupi. Mchanjaji atafute kwa vidole ncha ya mfupa iliyo juu ya bega, kisha ashuke vidole viwili au vitatu, na hapo katikati ya msuli ndipo pa kudunga, sindano ikiwa imesimama wima juu ya ngozi. Mchanjaji na mchanjwaji wote wawili wakae, kwa sababu anayedunga akiwa amesimama na mwenzake amekaa, mkono wake huelekea kupiga juu. Urefu wa sindano ulingane na unene wa mkono. Mkono wa binti mwembamba si sawa na mkono wa kuli wa bandarini. Na nguo iondolewe begani vizuri, mkono wote uonekane.

Kanuni hii ya mwisho inatugusa sisi watu wa visiwani kuliko wengi. Mwanamke wa Kiislamu aliyevaa buibui na gauni la mikono mirefu, akiletwa mbele ya meza iliyowekwa uwanjani au chini ya mwembe wa skuli, huku wanaume wamepanga foleni nyuma yake, hatavua. Ataivuta shingo ya gauni na kuteremsha nguo kidogo mpaka itokeze ncha ya bega, naye mchanjaji mwenye haraka atadunga pale panapoonekana. Pale panapoonekana ndipo hasa pasipotakiwa kudungwa. Pazia la shuka moja na mchanjaji mwanamke nyuma yake vinaweza kuliokoa bega la mtu, na pia vikailinda heshima yake. Hivi si vitu vya anasa. Ni sehemu ya kazi, kama ilivyo barafu ya kuhifadhia dawa.

Isidhaniwe kwamba tunazungumzia kila chanjo. Watoto wachanga hudungwa pajani, na matone ya polio na chanjo ya kipindupindu hunywewa. Sindano ya kifua kikuu huingizwa ndani ya ngozi tu, na ya surua chini ya ngozi. Zinazohusika ni zile zinazopelekwa ndani ya msuli wa bega: ya pepopunda kwa akina mama wajawazito, ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana, ya uti wa mgongo kwa mahujaji wanaokwenda Makka, ya homa ya ini kwa watumishi wa hospitali, na ya UVIKO-19. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa hiyo mikono inayonyooshwa mbele ya wachanjaji wetu ni mingi, na mingi yake ni midogo na myembamba.

Sasa tuje kwenye haki. Ofisa anayekaa mezani aliyeumia bega lake la kulia atapata taabu, lakini mshahara wake utaingia mwisho wa mwezi. Je, mpanda mikarafuu wa Pemba atakwea kwa mkono mmoja? Mwanamke wa Paje au Jambiani anayefunga mwani katika kamba na kuubeba ukiwa mbichi na mzito wa maji, ataubeba kwa bega gani? Mvuvi atauvutaje mshipi, na nahodha atautwekaje tanga? Kwa watu hawa bega ndiyo shamba, ndiyo duka, ndiyo akiba. Miezi 6 ya bega lililoganda ni miezi 6 ya nyumba kukaa na njaa. Tena mtu huyu hakuumia kwa uzembe wake, wala kwa mchezo. Aliumia akiwa katika kutii mwito uliotangazwa na sheha, na imamu msikitini, na mwalimu skuli.

Nchi iliyoitazama haki hii kwa urefu zaidi ni Marekani, na ingawa siasa yake ya uchumi si ya kuigwa katika kila jambo, hekima huchukuliwa popote ilipo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 wazazi wengi wa huko waliwashtaki watengenezaji wa chanjo. Kesi zikawa nyingi, bei ya chanjo ikapanda, na watengenezaji wakaanza kujitoa mmoja baada ya mwingine, hata ikahofiwa kwamba nchi ingekosa chanjo ya kifaduro. Hapo Bunge lao likatunga sheria mwaka 1986, na mfuko wa fidia ukaanza kazi tarehe 1 Oktoba, 1988. Msingi wa sheria hiyo ni makubaliano ya pande mbili: mtengenezaji akingwe na mafuriko ya kesi, na aliyeumia asilazimike kuthibitisha kosa la mtu yeyote ili apate chake.

Namna mfuko huo unavyofanya kazi inafaa ielezwe kwa marefu, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo. Kila dozi ya chanjo zilizomo katika mpango hutozwa kodi ya senti 75 za dola kwa kila maradhi inayoyakinga. Chanjo inayokinga maradhi matatu hutozwa dola 2 na senti 25. Fedha hizo ndizo zinazolipa fidia. Aliyeumia hupeleka dai lake katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho, ambako mashauri haya husikilizwa na mahakimu maalumu waliowekwa kwa kazi hiyo, na mdaiwa kisheria ni Waziri wa Afya, wala si muuguzi aliyeshika sindano. Dai lazima lipelekwe ndani ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza, na madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, au yawe yamemlaza mtu hospitali na kumfikisha kwenye upasuaji, au yamemwua. Fidia ya maumivu ina ukomo wa dola 250,000, lakini gharama za matibabu na mshahara uliopotea huhesabiwa mbali.

Jambo moja katika mpango huo linastahili kusifiwa kuliko mengine. Wakili hamtozi ujira mteja wake. Mfuko ndio unaomlipa wakili, hata dai likishindwa, mradi lililetwa kwa nia njema na kwa msingi wa maana. Kwa njia hiyo maskini anaweza kusimama mbele ya hakimu sawa na tajiri. Sisi tuliokulia katika siasa ya usawa wa binadamu tunapaswa kuona haya kidogo, kwamba jambo hili limetangulia kufanywa na nchi ya mabepari.

Kuhusu bega hasa, Marekani ililiingiza katika jedwali la madhara yanayotambuliwa na mfuko huo mwezi Machi 2017. Maana ya jedwali ni hii: mwenye dai akionesha kwamba hakuwa na maradhi ya bega lile kabla ya sindano, kwamba maumivu yalianza katika muda wa saa 48, kwamba yalikuwa katika bega lililodungwa tu pamoja na kupungua kwa uwezo wa kulizungusha, na kwamba hakuna maradhi mengine yanayoeleza hali hiyo, basi sheria humhesabu kuwa ameumizwa na chanjo. Mzigo wa kukanusha huwa juu ya Serikali. Baada ya hapo madai ya bega yakazidi mengine yote, yakapindukia nusu ya madai yanayofunguliwa. Serikali ya wakati huo ikataka kuliondoa bega katika jedwali, kwa hoja kwamba kosa ni la mchanjaji na si la dawa. Kanuni ya kuliondoa ikatolewa Januari 2021, kisha ikafutwa Aprili ya mwaka huo huo kabla ya kuanza kutumika.

Hoja ile iliyoshindwa inafaa ipimwe, kwani hata kwetu itakuja kusemwa. Ni kweli kwamba bega huumizwa na namna sindano ilivyopigwa. Lakini mwananchi hakuchagua mchanjaji, hakuchagua meza, hakuchagua urefu wa sindano. Kumwambia kwamba fidia haimhusu kwa kuwa dawa ilikuwa safi ni sawa na kumwambia abiria aliyevunjika mguu kwamba meli ilikuwa mpya, makosa yalikuwa ya nahodha. Abiria alipanda meli na nahodha wake kwa pamoja.

Wala isisemwe kwamba kufungua mlango wa fidia ni kukiri kwamba chanjo ni hatari. Mpango huo wa Marekani umelipa zaidi ya dola bilioni 5 tangu uanze, na bado hesabu za serikali yao, zilizochukuliwa tangu mwaka 2006, zinaonesha kwamba katika kila dozi milioni 1 zilizosambazwa, aliyelipwa fidia ni mtu 1 hivi. Tarakimu hizo ni ushahidi wa usalama wa chanjo wenye nguvu kuliko hotuba mia moja, na zimepatikana kwa sababu mlango wa madai uliachwa wazi na watu wakahesabiwa. Nchi isiyohesabu walioumia haina la kumjibu mzushi.

Marekani haikuwa ya kwanza. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria ya fidia mwaka 1961, Ufaransa mwaka 1964, na Uingereza mwaka 1979. Lakini si kila sheria inalifikia bega. Uingereza hulipa pauni 120,000 kwa mkupuo, na humtaka mwenye dai awe amelemaa kwa kiwango cha asilimia 60. Bega lililoganda, hata kama limemfukuza mtu kazini, ni nadra kukifika kiwango hicho. Hata huko Marekani, aliyeumia kwa chanjo ya UVIKO-19 aliwekwa katika mpango mwingine ulio mkavu zaidi: hupewa mwaka 1 tu wa kuomba, hapana hakimu, hapana malipo ya wakili, wala hapana fidia ya maumivu. Funzo lililopo hapa ni kwamba sheria inaweza kuwapo kwenye karatasi na bado ikamwacha mlangoni yule iliyeandikiwa.

Sisi wenyewe tumekwisha kuguswa na mpango wa namna hii. Mwezi Februari 2021 Shirika la Afya Duniani lilitiliana saini na kampuni ya bima ya Chubb mpango wa fidia kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati zilizopokea chanjo za UVIKO-19 kupitia COVAX, na Tanzania ni miongoni mwa nchi hizo. Ulikuwa mpango wa kwanza wa fidia ya chanjo wenye upana wa kimataifa, na mwombaji hakutakiwa kuthibitisha kosa la mtu. Hata hivyo uliwekewa sharti la madhara makubwa yaliyomlaza mtu hospitali na kumwachia ulemavu wa kudumu, na ulizihusu chanjo za COVAX tu. COVAX yenyewe ilifungwa mwisho wa mwaka 2023. Msichana anayedungwa leo skuli, na mama anayedungwa kliniki, hawamo ndani yake.

Je, kwa mwananchi wa kawaida inabaki njia gani? Inabaki njia ya mahakama, kwa kanuni tulizozirithi kutoka kwa Waingereza. Kwa kanuni hizo mwenye dai huthibitisha kwamba mchanjaji alikuwa na wajibu kwake, kwamba alizembea, na kwamba uzembe ule ndio uliomwumiza. Atahitaji wakili, atahitaji daktari bingwa wa mifupa atakayesimama kutoa ushahidi, atahitaji picha za kiungo zenye gharama, na atahitaji kumjua mchanjaji aliyemdunga miongoni mwa wengi waliokuwapo siku ile. Mvuvi wa Kojani au wa Tumbatu hatayapata hayo. Dau la mnyonge haliendi joshi, na sheria ya namna hii ni bahari isiyo na upepo kwake. Zaidi ya hayo, humgeuza muuguzi kuwa adui wa jirani yake, naye muuguzi akiogopa kushtakiwa ataficha kosa badala ya kuliandika.

Wanaodhani kwamba fidia isiyotafuta mkosaji ni fikra ya kigeni, na waizingatie fiqhi waliyosomeshwa chuoni. Sheria ya Kiislamu imetenganisha tangu zamani baina ya anayekusudia na anayekosea bila ya kukusudia. Katika kosa lisilokusudiwa, diya haikuachwa juu ya mtu mmoja ikamfilisi. Iligawanywa juu ya jamaa zake, kundi ambalo wanazuoni wameliita akila, na diya ya aliyeuawa kwa bahati mbaya ikaruhusiwa kulipwa kwa muda wa miaka 3. Aliyedhurika anapata haki yake kamili, na aliyekosea hakutupwa. Mahakama zetu za kadhi hushughulika na ndoa, talaka, mirathi na mambo yanayofanana na hayo, wala hatusemi kwamba madai ya chanjo yapelekwe huko. Tunasema kwamba roho ya jambo hili si ngeni kwetu. Umma uliochanjwa pamoja ndio akila ya yule aliyeumia.

Kwa hiyo tunatoa maoni haya kwa Serikali na kwa waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Afya si jambo la Muungano. Visiwa hivi vina Wizara yao ya Afya na chombo chao cha kutunga sheria, na hapana sababu ya kungoja kutoka kwingine. Itungwe sheria fupi ya fidia kwa walioumizwa na chanjo zinazotolewa au kuagizwa na Serikali. Mfuko wake uweze kuwekwa chini ya chombo kilichopo, kama vile Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023, ili fedha isiliwe na ofisi mpya, magari mapya na posho za vikao. Kila bajeti ya kampeni ya chanjo itenge sehemu ndogo kwa ajili hiyo, na wahisani wanaotuletea dawa waombwe wachangie. Haba na haba hujaza kibaba.

Sheria hiyo iwe na jedwali lililo wazi, na bega liwemo. Muda wa kuomba usipungue miaka 3. Dai lipokewe wilayani kwa karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili, lipimwe na jopo lenye daktari, mwanasheria na mwakilishi wa wananchi, na jibu litolewe katika muda uliotajwa. Anayekataliwa aelezwe sababu kwa maandishi na awe na haki ya kukata rufaa. Matibabu na mazoezi ya viungo yaanze mara moja bila ya kungoja uamuzi, kwa sababu bega linalocheleweshwa ndilo linaloganda.

Kwa watumishi wa afya tunasema hivi. Kabla ya kila kampeni wachanjaji wafundishwe tena mahali pa kudunga, kwa vitendo, tena mkononi mwa mtu na si kwa picha ukutani tu. Viti viwili na pazia viwekwe katika orodha ya vifaa. Asiwepo mchanjaji anayehesabiwa ubora wake kwa idadi ya mikono aliyoimaliza kabla ya adhuhuri. Na kila kadi iandikwe tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo la dawa, mkono uliodungwa, na jina la aliyedunga. Mstari huo mmoja wa wino ndio ushahidi wa mnyonge. Anayeripoti kwamba mtu ameumia baada ya sindano yake asiadhibiwe kwa kuripoti; Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar na Wizara haviwezi kurekebisha lisiloandikwa.

Wananchi nao wana wajibu wao. Mwenye maumivu ya bega yasiyopungua baada ya siku chache asikae nyumbani akikandwa na kuchuliwa mpaka mwezi upite. Arudi kituoni, aseme, na ahakikishe limeandikwa. Kadi ya chanjo iwekwe pamoja na cheti cha kuzaliwa, isifungiwe njugu. Anayedai asiongeze chumvi, kwani mwongo mmoja huwaharibia wakweli kumi. Na mwenye uzima asilifanye bega la mwenzake kuwa kisingizio cha kuwanyima wanawe kinga ya pepopunda na saratani, maradhi ambayo hayana jopo wala fidia.

Huenda akatokea mwenye hisabu akasema kwamba nchi bado maskini, na kwamba fedha ya fidia ingenunua dawa. Tunamjibu kwamba walioumia ni wachache, na uchache huo unatokana na ubora wa chanjo yenyewe. Kinachotakiwa kulipwa ni kidogo, na kisipolipwa hasara yake haionekani katika vitabu vya hesabu: ni mama anayewakataza binti zake, ni jirani anayesikia kisa na kukirefusha, ni foleni inayopungua katika kampeni ya mwaka unaofuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa imani ukianguka haujengwi kwa saruji.

Chama na Serikali huwaambia wananchi kila mara kwamba chanjo ni kwa faida ya wote. Maneno hayo ni ya kweli. Basi na gharama yake iwe juu ya wote, isimwangukie mtu mmoja mwenye bega moja. Tunaitaka Wizara ya Afya iliandae jambo hili na kulifikisha Barazani, na tutaendelea kuliuliza mpaka lipatiwe jibu.